Kuhamia ugenini kikazi: nyumba ya kampuni, jumuiya ya kuomba nafasi, nyumba ya kimataifa au chumba cha kawaida?

Matangazo ya makazi ya pamoja yanafanana kiasi cha kuchosha. Meza ndefu, kompyuta mpakato zimefunguliwa, vijana wa kila rangi wanacheka, na chini yake ahadi kwamba ukihamia hapo utazungukwa na watu wenye ndoto kubwa kama zako. Kwa picha peke yake huwezi kutofautisha jengo la vyumba mia tano linaloendeshwa na kampuni na nyumba ya watu kumi waliochaguana wenyewe. Maisha ndani ya nyumba hizo mbili hayafanani hata kidogo, na aliyechagua vibaya hugundua akiwa ameshalipa, yuko mbali na kwao, na mkataba umembana.

Kwa kijana mwenye taaluma anayehamia nchi nyingine, njia za kuishi na wenzake ni nne. Kuna nyumba ya kampuni, ambako unalipa mtandaoni na kupewa chumba chenye kila kitu. Kuna jumuiya ya kuomba nafasi, ambako unajaza fomu, unahojiwa, na unachukuliwa kwa sababu ya kazi unayofanya au unayotaka kufanya. Kuna nyumba za kimataifa, taasisi za zamani zilizojengwa kwa ajili ya vijana wasomi na wafanyakazi kutoka nje. Na kuna chumba katika nyumba ya kawaida inayokaliwa na watu wanne au watano, njia ambayo haina tangazo la kuvutia hata moja.

Watu wengi hulinganisha kwa ukumbi wa mazoezi, bwawa la kuogelea na mandhari ya dirishani. Mimi natazama mambo matatu: wakazi wanakaa muda gani, nani anaamua mtu gani aingie, na karatasi utakayosaini inakupa haki gani. Jambo la kwanza ndilo zito kuliko yote, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 2018 Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha utafiti kuhusu muda unaohitajika watu wawili kuwa marafiki. Alikuta kwamba kutoka kujuana tu hadi urafiki wa juujuu huchukua kama saa 50 za kuwa pamoja, urafiki wenyewe kama saa 90, na urafiki wa karibu zaidi ya saa 200. Piga hesabu sasa. Ukila chakula cha jioni na jirani yako kila siku kwa saa moja, unahitaji karibu wiki saba kufikia zile saa 50. Kama wakazi wa nyumba wanakaa wiki nne kisha wanaondoka, hakuna sherehe wala msimamizi atakayeweza kuziba pengo hilo. Utafahamiana na watu wengi sana, na siku ukiugua homa usiku wa manane hutakuwa na wa kumgongea mlango.

Umbali nao una nguvu yake. Mwaka 1950 Leon Festinger na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika makazi ya wanafunzi ya Westgate, ya chuo kikuu cha MIT nchini Marekani. Urafiki ulifuata milango: jirani wa mlango wa pili alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa rafiki kuliko aliyekaa milango mitatu mbele, na waliokaa karibu na ngazi walijuana na watu wa ghorofa ya juu kuliko wengine. Kwa hiyo jengo lenye wakazi 500 halikupi marafiki 500. Linakupa wale wa ujia wako na wale mnaotumia jiko moja. Ukiulizia nyumba, uliza jiko linatumiwa na watu wangapi. Jibu hilo lina faida kuliko idadi ya wakazi wote.

Nyumba ya kampuni

Sifa yake kubwa ni kwamba inakukubali kabla hujawa mtu wa pale. Mwenye nyumba wa kawaida katika jiji kubwa atataka hati za mshahara za miezi kadhaa, mdhamini anayeishi nchini humo, historia ya mikopo, pengine barua ya mwenye nyumba aliyetangulia. Mgeni hana hata kimoja. Kampuni ya makazi ya pamoja inataka pasipoti, uthibitisho wa kipato na malipo ya kwanza, na siku ya kufika unakuta kitanda kimetandikwa, intaneti inafanya kazi na bili zote zimo ndani ya kodi. Kwa mtu anayeanza kazi Jumatatu baada ya kutua Jumamosi, huo si msaada mdogo.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Wa kwanza nimeshautaja: wakazi hupita. Mkataba unaoweza kuvunjwa kwa taarifa fupi unakufaa wewe, lakini umemfaa pia kila aliyeko ujiani kwako. Mpango wa jiji la London wa mwaka 2021 ulilazimika kuweka kanuni kwamba majengo makubwa ya makazi ya pamoja yatoe mikataba isiyopungua miezi mitatu, ili yasigeuke kuwa hoteli kwa jina lingine. Miezi mitatu ni kiwango cha chini kizuri cha kutumia popote. Nyumba inayojisifu kwamba unaweza kukaa hata usiku mmoja ni nyumba ya wageni, hata kama ukutani pameandikwa habari za jumuiya.

Udhaifu wa pili ni kwamba kampuni hizi zimeanguka sana. The Collective ilifungua jengo lake la Old Oak, magharibi mwa London, mwaka 2016, likiwa na zaidi ya vyumba 500, na likatajwa kila mahali kuwa ndiyo sura ya makazi ya kesho. Mwaka 2021 kampuni hiyo iliangukia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Mwaka huohuo tawi la Marekani la Quarters, kampuni iliyoanzia Berlin, liliwasilisha ombi la kufilisika. WeWork, kampuni ya ofisi za pamoja, ilianzisha nyumba za WeLive mwaka 2016 ikitarajia kuenea dunia nzima, lakini haikuvuka majengo mawili, moja New York na jingine Virginia. Common, iliyoanzishwa New York mwaka 2015 na kuungana na Habyt ya Ujerumani mwaka 2023, ilifilisika mwaka 2024. Mwaka huohuo Selina nayo, iliyokuwa na hoteli na sehemu za kufanyia kazi katika nchi nyingi, ikaingia katika ufilisi.

Sababu inaeleweka ukiangalia namna biashara yenyewe inavyokwenda. Kampuni nyingi za aina hii hazimiliki majengo. Zinakodi jengo zima kwa miaka mingi, kisha zinawapangisha watu vyumba kwa miezi michache. Kodi ya jengo haipungui hata vyumba vikibaki vitupu, na mwaka 2020 janga la korona liliacha vyumba vingi vitupu. Kampuni ikianguka, mara nyingi hufukuzwi kesho yake, maana mmiliki wa jengo bado anataka wapangaji. Kitu kinachoweza kupotea ni amana yako, kama ilikuwa imewekwa katika akaunti ya kampuni pamoja na fedha zake nyingine. Kwa hiyo uliza mambo mawili kwa maandishi: jengo ni la nani, na amana inashikwa na nani.

Hata hivyo, sisemi uzikimbie. Kwa miezi mitatu ya kwanza katika jiji usilolijua, sioni njia iliyo rahisi kuliko hii. Ninachokataa ni kuichukulia kama mahali pa kujenga mtandao wa maisha yako.

Jumuiya ya kuomba nafasi

Hapa hoja si chumba, ni nani yuko chumba cha pili. Fomu inauliza umejenga nini, unasoma nini, unataka kufanya nini miezi sita ijayo. Wapo watakaokataliwa, na kukataliwa huko ndiko kunakoipa nyumba thamani yake.

Mifano ya mafanikio ni ya kweli. Rainbow Mansion, jumba lililoko Cupertino, California, lilianzishwa mwaka 2006 na vijana waliokuwa wakifanya kazi katika kituo cha NASA kilicho karibu. Waliishi pamoja, wakapika pamoja, wakaalika watu wa fani mbalimbali kwa mazungumzo ya jioni. Waanzilishi wa Planet, kampuni ya setilaiti iliyoanza mwaka 2010, walitoka katika jumba hilo. Hawakuwa wamekusanywa na tangazo. Walikuwa wafanyakazi wenza waliokaa pamoja miaka, na ndiyo maana siku wazo lilipokuja kila mmoja alishajua mwenzake anaweza nini na hawezi nini.

Ufaransa ilijaribu jambo hilo kwa ukubwa mwingine. Station F, kituo cha kampuni changa kilichofunguliwa na Xavier Niel jijini Paris mwaka 2017, kilifuatiwa mwaka 2019 na Flatmates, majengo yaliyoko Ivry-sur-Seine yenye nafasi za watu kama 600, ili waanzilishi wanaotoka nje wasipoteze miezi wakitafuta chumba Paris. Nafasi hizo ziliwekwa kwa ajili ya watu ambao tayari kuna kinachowaunganisha mchana, na hilo linazipa nyumba hizo uhai ambao jengo la kawaida la kampuni huukosa.

Siku hizi kuna pia jumuiya za muda. Zuzalu ilikusanya watu kama 200 huko Montenegro kwa miezi miwili mwaka 2023, kwa wito wa Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, mtandao wa sarafu ya kidijitali. Network School ya Balaji Srinivasan, mjasiriamali wa teknolojia, ilianza Septemba 2024 katika Forest City, jimbo la Johor nchini Malaysia, ng'ambo ya Singapore, na imejengwa juu ya ratiba ya kujifunza, mazoezi ya mwili na kazi. Jumuiya za namna hii zina msisimko mkubwa. Mnakula pamoja, mnakimbia pamoja asubuhi, mazungumzo ya usiku yanazaa mradi kesho yake. Zile saa 200 za Hall zinaweza kutimia ndani ya wiki chache, kwa kuwa mnashinda pamoja kutwa nzima.

Tahadhari zangu ni tatu, na mbili za mwanzo ndizo zinazowaponza watu. Kwanza, nyumba na kazi vinashikana mno. Mwenye nyumba akiwa pia mwekezaji wako, au mwanzilishi mwenzako akiwa ndiye mwenye jina kwenye mkataba, siku mkikosana kikazi unapoteza kazi na pa kulala kwa mpigo mmoja, katika nchi ambako viza yako nayo huenda imefungwa kwenye kazi hiyohiyo. Vitu hivi vitatu visiwe mikononi mwa mtu mmoja. Pili, kila mtu anafanana. Mwezi wa kwanza inapendeza kukaa na watu wanaoelewa kazi yako bila maelezo. Ifikapo mwezi wa tano unagundua hujazungumza na mwalimu, muuguzi wala mzee yeyote, na kwamba jiji lililoko nje ya geti hulijui. Tatu, jumuiya nyingi za aina hii ziko mbali na mji, kwa sababu huko ndiko majengo makubwa hupatikana kwa bei nafuu. Ukihitaji daktari bingwa au ofisi ya uhamiaji, safari ni ndefu.

Njia hii inamfaa mwenye mradi unaojulikana na tarehe ya kuumaliza. Asiye na mradi huishia kuhudhuria mazungumzo ya wenzake.

Ndugu wa karibu wa jumuiya hizi ni nyumba za vijijini na pwani kwa wafanyakazi wa mbali. Sun and Co ya Jávea, Uhispania, imekuwepo tangu 2015. Coconat iko kijijini, si mbali na Berlin. Kijiji cha Ponta do Sol, katika kisiwa cha Madeira cha Ureno, kilipokea mradi wa wafanyakazi wanaohamahama Februari 2021. Ni sehemu nzuri za kutulia na kumaliza kazi iliyokushinda mjini. Kwa mtu anayetafuta kupanda ngazi katika fani yake, hata hivyo, ni mahali pa kupumua tu, na sitazungumzia zaidi.

Nyumba ya kimataifa

Njia hii watu wengi hawaijui, nami naiona imepuuzwa bila haki.

Asili yake ni kisa kidogo. Mwaka 1909 Harry Edmonds, aliyekuwa akifanya kazi na chama cha vijana cha YMCA jijini New York, alimsalimia mwanafunzi Mchina kwenye ngazi za Chuo Kikuu cha Columbia. Kijana yule alimwambia kwamba alikuwa na wiki tatu jijini na huyo ndiye mtu wa kwanza kumsemesha. Edmonds na mkewe walianza kuwaalika wanafunzi wa kigeni nyumbani kwao, na mwaka 1924, kwa fedha za John D. Rockefeller Mdogo, International House ikafunguliwa Riverside Drive. Berkeley ilifuata mwaka 1930, na Chicago mwaka 1932. Ile ya Berkeley ilipingwa vikali na wakazi wa eneo hilo waliochukizwa na wazo la watu wa rangi zote, wake kwa waume, kulala chini ya paa moja. Ilijengwa hivyohivyo. London nayo ina Goodenough College, iliyoanza mwaka 1930, na Paris ina Cité internationale universitaire, mji mdogo wa nyumba za mataifa mbalimbali ulioanza mwaka 1925.

Nyumba ya New York inachukua watu kama 700 kutoka nchi karibu 100, na si wanafunzi peke yao: wapo watafiti, wasanii na vijana walio katika mafunzo ya kazi. Chumba chenyewe hakina mbwembwe. Mara nyingi bafu ni la pamoja, samani ni za kawaida, na picha zake haziwezi kushindana na zile za nyumba ya kampuni. Lakini wakazi wanakaa muhula mzima, mwaka, wakati mwingine miaka miwili. Wanachujwa, ila hawachujwi kwa fani moja, kwa hiyo mhandisi anakula na mwanasheria na mpiga fidla. Tena taasisi nyingi za aina hii haziendeshwi kwa faida, na zilivuka vita na mdororo wa uchumi kabla kampuni nyingi nilizozitaja hazijazaliwa. Eric Schmidt, aliyekuja kuiongoza Google, aliishi International House ya Berkeley alipokuwa mwanafunzi wa uzamili miaka ya 1970, na mkewe alikutana naye humo.

Mapungufu yapo. Nyingi zinadai uwe umesajiliwa chuoni, uwe kwenye utafiti au kwenye programu ya mafunzo inayotambulika. Aliyeajiriwa moja kwa moja na kampuni anaweza kukosa sifa. Nafasi hujaa mapema. Zipo pia kanuni za wageni na za kelele ambazo mtu aliyezoea uhuru wake anaweza kuziona nzito. Ila ukiwa unatimiza masharti, iweke juu kabisa ya orodha yako.

Chumba katika nyumba ya kawaida

Ujerumani wanaiita WG, kifupi cha Wohngemeinschaft, yaani makazi ya pamoja, na imekuwa sehemu ya maisha ya vijana kwa miongo mingi. Watu watatu, wanne au watano wanakodi nyumba moja. Mmoja akihama, waliobaki wanatangaza chumba, wanapokea barua, wanaita watu wachache jikoni kwa chai na maswali. Anayeamua ni wao. Hakuna kampuni wala kamati.

Usaili huo wa jikoni una uzito kuliko unavyoonekana. Wanaokuhoji wanajua wataamka na wewe kila asubuhi, kwa hiyo hawaulizi ndoto zako. Wanauliza unaamka saa ngapi, unapika mara ngapi, unafanyia kazi nyumbani au ofisini, mara ya mwisho ulisafisha choo lini. Ukishaingia, zamu ya usafi imebandikwa kwenye friji na jina lako limo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na hapo ndipo unapoacha kuwa mgeni. Katika nyumba ya kampuni kuna mtu analipwa kusafisha jiko, na ni raha. Lakini kukumbushana zamu, kugawana bili na kununua sabuni kwa zamu ndiyo mambo yanayowalazimisha watu kuzungumza, na mazungumzo hayo ya kila siku ndiyo yanayojaza zile saa.

Unapata pia kitu ambacho njia nyingine tatu haziwezi kukupa kwa urahisi: wenyeji. Mwenzako wa chumba cha pili ana mama yake mji wa jirani, anajua daktari anayepokea wagonjwa wapya, anakusahihisha lugha ukiwa unaosha vyombo. Kwa kijana anayetaka kupata kazi nchini humo na kubaki, sioni shule ya lugha inayoizidi.

Ugumu wake ni kuipata ukiwa mbali. Watu hawapendi kumchukua mtu wasiyemwona, na matapeli wamejaa: chumba kizuri, bei ya chini, mwenye nyumba "yuko safarini" na anataka amana kabla ya funguo. Usitume fedha kwa chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakanyaga. Bahati nayo ina sehemu yake. Ukiangukia kwa watu wasioelewana, hakuna ofisi ya kulalamikia.

Karatasi

Sehemu hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye kuumiza zaidi.

Nyumba nyingi za kampuni na jumuiya za muda hazikupi mkataba wa upangaji. Zinakupa leseni ya kukaa, au uanachama. Ukisoma haraka ni kitu kilekile, ila kisheria wewe si mpangaji. Uingereza, kwa mfano, sheria inayolazimisha amana kuwekwa katika mfuko unaolindwa ilitungwa kwa ajili ya wapangaji. Mwenye leseni tu hana kinga hiyo. Ujerumani amana ya mpangaji haiwezi kuzidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za huduma. Ufaransa kuna mkataba maalumu uliowekwa na sheria ya mwaka 2018 kwa walio masomoni, mafunzoni au waliohamishwa kikazi: ni wa mwezi mmoja hadi kumi, na mwenye nyumba haruhusiwi kudai amana kabisa. Kijana anayehamia Ufaransa kwa mafunzo ya miezi sita na anayeombwa amana kubwa aulize kwanza kama anastahili mkataba huo.

Kuna pia usajili wa makazi. Ukihamia Ujerumani unatakiwa kujisajili ndani ya siku 14, na ofisi inataka barua ya anayekupa makazi. Bila usajili, namba ya kodi ya mapato inachelewa, na mshahara wa kwanza unaweza kukatwa kodi ya kiwango cha juu. Baadhi ya nyumba za muda mfupi hazitoi barua hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mwenye chumba Berlin au Munich ni kama utaweza kujisajili hapo. Intaneti uulize baadaye.

Na viza. Hakuna jumuiya inayoweza kukupa haki ya kufanya kazi nchini, hata kama tangazo linasema "njoo ujenge hapa". Nchi nyingi zimeanzisha viza za wafanyakazi wa mbali: Ureno mwaka 2022, Malaysia mwaka huohuo kwa mpango wa DE Rantau, Japani mwaka 2024 kwa miezi sita, Thailand mwaka huohuo kwa viza ya miaka mitano inayokuruhusu kukaa hadi siku 180 kila unapoingia. Kwa kawaida zinamlenga mtu ambaye kipato chake kinatoka nje ya nchi hiyo. Kama lengo lako ni kuajiriwa na kampuni ya pale, viza hizo sizo zako. Na anayeingia eneo la Schengen kwa ziara fupi ana siku 90 tu ndani ya kila siku 180, hata mkataba wa chumba ukisema miezi sita. Hesabu pia siku za kodi ya mapato: katika nchi nyingi ukivuka siku 183 kwa mwaka unahesabiwa mkazi wa kulipa kodi hapo.

Gharama bila kudanganyika

Nyumba ya kampuni ikionekana ghali, toa kwanza umeme, maji, intaneti, usafi na samani kabla ya kuilinganisha na chumba cha kawaida. Tofauti itapungua. Ila usitoe dawati la kazi, kama mwajiri wako ameshakupa ofisi, kwa sababu hapo unalipia kitu usichokihitaji. Kwa mwenye ofisi, ubora wa nyumba ya pamoja uko jikoni na chumbani. Anayefanyia kazi nyumbani azingatie zaidi mlango unaofungwa na sehemu ya kupigia simu, kwa sababu meza ndefu ya kwenye picha haitumiki wakati watu sita wana mikutano kwa wakati mmoja.

Kabla hujalipa

Omba kuonyeshwa nyumba kwa simu ya video, saa za jioni, siku ya kazi. Mchana nyumba zote ni safi na kimya. Omba wakuonyeshe friji ikiwa wazi. Kama kila chupa ya maziwa ina jina na kila rafu imegawanywa kwa kalamu nzito, watu hao wanaishi sambamba, hawaishi pamoja. Kama kuna rafu moja ya vitu vya wote na haijaachwa tupu, kuna kuaminiana. Tazama sinki. Tazama ubao wa matangazo: shughuli zilizopangwa na wakazi wenyewe ni ishara njema kuliko ratiba iliyochapishwa na ofisi.

Kisha omba namba ya mtu aliyehama, si anayeishi hapo sasa. Muulize alikaa muda gani, amana yake ilirudi baada ya siku ngapi, na ni wangapi kati ya aliokaa nao bado wanawasiliana. Nyumba inayokataa kukupa mtu huyo imeshakujibu.

Ungekuwa mdogo wangu

Kama una barua ya kazi mkononi na unakusudia kubaki zaidi ya mwaka, ningekwambia uchukue nyumba ya kampuni kwa miezi miwili au mitatu tu, na uanze kutafuta chumba katika nyumba ya kawaida tangu wiki ya kwanza, ukiwa tayari una anwani na unaweza kwenda kuhojiwa jikoni mwa watu. Kama uko kwenye masomo, utafiti au mafunzo ya kazi, nyumba ya kimataifa kwanza, na ukikosa ndipo uangalie nyingine. Kama una mradi wako, fedha za kukutosha na tarehe, jumuiya ya kuomba nafasi inaweza kukupa ndani ya miezi mitatu watu ambao peke yako ungewatafuta miaka. Ila tiketi ya kurudi na akiba ya miezi miwili viwe chini ya jina lako mwenyewe. Anayesafiri na mwenzi wake aulize mapema, maana sehemu nyingi zimepangwa kwa mtu mmoja mmoja. Na mtu mkimya asidhani makazi ya pamoja hayamfai: nyumba ya watu wanne ni tulivu kuliko ujia wa watu thelathini, na pengine ni tulivu kuliko upweke wa chumba cha kupanga peke yako katika jiji ambalo hakuna anayekujua.

Chochote unachoelekea kuchagua, kama unatimiza masharti yao anza na nyumba za kimataifa kwa sababu ya kalenda. Nafasi zao mara nyingi hujaa mapema, wakati nyumba ya kampuni unaweza kuipata wiki moja kabla ya safari. Tuma maombi hayo kwanza, kisha endelea kulinganisha zilizobaki ukisubiri jibu.